Shirikisho Si Kugawana Vyeo: Majimbo ya Ujerumani Yanavyoishi Pamoja na Maswali Tunayotakiwa Kuyajibu Sisi

(Hii ni mada iliyowasilishwa kwenye semina ya vijana wa chama. Wengi mlioikosa mmeomba iwekwe hapa. Tumeiweka kama ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)

 

Kila tukisimama kusema tunataka muundo wa shirikisho, iwe ni serikali tatu za Muungano au mfumo wa majimbo huku Bara, tunarushiwa maswali yale yale. La kwanza, gharama: eti mtamlisha nani na hizo serikali zote? La pili, hela: serikali ya juu itaishi kwa kodi gani? La tatu, ugomvi: wakubwa wakishindwana, nani atawaamua?

Tusidanganyane. Wengi wetu tunayajibu kwa kaulimbiu. Mtu anauliza habari ya kodi, sisi tunapiga "Katiba Mpya!" Anauliza habari ya mahakama, tunapiga tena. Yule mtu anaondoka na swali lake mfukoni, na siku ya kura analo bado.

Kwa hiyo leo nataka tuiangalie nchi moja iliyokwisha kuyajibu maswali haya kwa vitendo, nayo ni Ujerumani. Sijaichagua kwa sababu Wazungu wanajua kila kitu. Nimeichagua kwa sababu ina majimbo 16, makubwa kwa madogo, tajiri kwa maskini, yanaongozwa na vyama vinavyopingana, na bado takataka zinazolewa, walimu wanalipwa na sheria zinapitishwa. Nikisema "jimbo" hapa sina maana ya jimbo la uchaguzi la mbunge. Nina maana ya dola ndogo ndani ya dola kubwa, yenye katiba yake, bunge lake, serikali yake na Waziri Kiongozi wake.

Walijifunza kwa kuumia

Mwaka 1933 Hitler aliingia madarakani. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuyamaliza majimbo. Ilipofika Januari 1934 mabunge ya majimbo yalifutwa kisheria, na mwezi uliofuata likafutwa baraza lililoyawakilisha majimbo kule Berlin. Kwa nini alifanya haraka hivyo? Kwa sababu mtu anayetaka kutawala peke yake hawezi kuvumilia kuwa na polisi, mahakimu na bajeti asizozishika yeye.

Vita vilipokwisha wakaandika Katiba mpya, ikaanza Mei 1949. Humo waliweka Ibara ya 79, na kifungu chake cha tatu kinasema kuna mambo ambayo hayawezi kubadilishwa hata wabunge wote wakikubaliana. Moja ni kwamba nchi itagawanywa katika majimbo. Jingine ni kwamba majimbo yatashiriki kutunga sheria za shirikisho. Hiyo ni tofauti kubwa na nchi ambayo chama kimoja kikipata theluthi mbili bungeni kinaweza kupangua kila kitu.

Swali la gharama

Katiba yao inaanza na kanuni nyepesi: kazi ya dola ni ya jimbo, isipokuwa pale Katiba inaposema ni ya shirikisho. Ulinzi, mambo ya nje, uraia na sarafu ni vya juu (ingawa sarafu siku hizi wamejiunga na wenzao wa Ulaya). Shule, vyuo vikuu, polisi wa kawaida, utamaduni na serikali za mitaa ni vya jimbo.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo huwa tunaisahau. Sheria nyingi zinatungwa na Bunge la shirikisho, lakini wanaozitekeleza ni watumishi wa majimbo. Serikali ya Berlin haifungui ofisi yake kila wilaya nchi nzima ikaweka mkurugenzi, dereva na gari. Inatumia ofisi za jimbo zilizopo tayari. Yenyewe inabaki na vyombo vichache vyake, kama jeshi, balozi na forodha.

Kwa hiyo mtu akikwambia serikali nyingi maana yake ni watumishi mara mbili au mara tatu, mwulize: kwani nani amesema kila serikali lazima iwe na ofisi zake kila mahali? Gharama inategemea mmegawanaje kazi. Ukiweka viongozi wawili juu ya kazi moja utalipa mara mbili, hata ukiwa na serikali moja tu. Huku kwetu Bara tuna mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi, wote wa kuteuliwa, halafu tuna meya au mwenyekiti wa halmashauri na madiwani waliochaguliwa. Mwenye kuhesabu ahesabu.

Kiti mezani

Jambo la pili ni kwamba majimbo hayakai nyumbani kusubiri amri. Yana chombo chao, Baraza la Majimbo, wenyewe wanaliita Bundesrat. Wanaokaa humo si wabunge wa kuchaguliwa moja kwa moja. Ni mawaziri wa serikali za majimbo wenyewe. Baraza zima lina kura 69. Kila jimbo lina kura 3 kwa uchache na 6 kwa wingi, kulingana na idadi ya watu.

Hebu angalieni hesabu. Jimbo la Nordrhein-Westfalen lina watu wapatao milioni 18. Lina kura 6. Bremen ina watu wapatao laki saba tu. Ina kura 3. Jimbo kubwa lina watu zaidi ya mara 25, lakini kura ni mara mbili tu. Je, wakubwa wanalia kwamba wameonewa? Wananung'unika mara moja moja, lakini walikubali, kwa sababu walielewa kwamba mdogo akimezwa hakuna tena shirikisho, kuna himaya.

Sheria inayogusa sana mamlaka au mifuko ya majimbo haipiti bila ridhaa ya Baraza hilo. Mabadiliko ya Katiba yanahitaji theluthi mbili kule Bungeni na theluthi mbili huku kwenye Baraza. Wakigongana, kuna kamati ya usuluhishi: wajumbe 16 wa Bunge na 16 wa Baraza wanajifungia chumbani mpaka wapate njia.

Na kuna sharti moja: kura za jimbo lazima zipigwe kwa pamoja, huwezi kuzigawa. Machi 2002 ulikuja muswada wa uhamiaji. Kura zilibanana, na zile 4 za Brandenburg ndizo zilizokuwa zinaamua. Serikali ya Brandenburg ilikuwa ya vyama viwili. Waziri wa chama kimoja akasema "ndiyo", waziri wa chama kingine akasema "hapana". Mwenyekiti wa Baraza akamgeukia Waziri Kiongozi, akajibu ndiyo, basi akahesabu kura zote 4 kuwa ndiyo. Ukumbi ukachafuka. Sheria ikasainiwa. Lakini upinzani ulienda Mahakama ya Katiba, na Desemba mwaka ule ule mahakama ikaifuta sheria nzima, kwa sababu Brandenburg haikuwa imepiga kura kwa umoja. Walirudi mezani, wakajadiliana upya, na sheria mpya ikaanza kutumika Januari 2005.

Serikali iliyokuwa madarakani ilishindwa mahakamani kwa kosa la utaratibu, ikatii. Hakuna jaji aliyehamishwa.

Hela, na hapa ndipo penye mfupa

Wenzetu hawakuiachia serikali ya shirikisho iishi kwa kuombaomba, na hawakuyaacha majimbo yaombe. Kodi kubwa wanagawana kwa kanuni iliyoandikwa. Kodi ya mapato ya watu binafsi: asilimia 42.5 inakwenda shirikisho, 42.5 majimbo, na 15 inakwenda serikali za mitaa. Kodi ya mapato ya makampuni ni nusu kwa nusu. VAT nayo inagawanywa kwa sheria inayohitaji ridhaa ya Baraza la Majimbo.

Halafu kuna kusawazisha. Jimbo tajiri linamwezesha maskini, ili mtoto aliyezaliwa jimbo maskini naye apate shule na hospitali. Si upendo mtupu, ugomvi upo. Bavaria leo ni tajiri na inalalamika kila siku kwamba inabeba wenzake, lakini hadi miaka ya 1980 yenyewe ilikuwa inapokea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 majimbo tajiri, Bavaria ikiwamo, yalikwenda mahakamani kuupinga utaratibu. Mwaka 1999 mahakama ikaagiza vigezo viandikwe wazi kwenye sheria. Baadaye waliubadili mfumo tena, na tangu 2020 kusawazisha kunafanyika zaidi kupitia mgawanyo wa VAT.

Somo ni nini? Wanagombana kuhusu kanuni, lakini kanuni ipo. Kila mmoja anajua anadai nini na anadaiwa nini.

Kushirikiana bila bwana mkubwa

Nawapa kisa kimoja zaidi, na hiki naomba mkibebe mwondoke nacho.

Mwaka 1960 Kansela Adenauer aliona televisheni iliyopo, iliyokuwa chini ya mashirika ya majimbo, haimfurahishi. Akaanzisha kampuni ya televisheni ya serikali yake. Alizungumza kwanza na majimbo yaliyokuwa mikononi mwa chama chake, yale ya upinzani akayaweka pembeni. Hamburg na Hessen zilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyokwenda mahakamani. Februari 1961 Mahakama ya Katiba ikasema mambo mawili. Kwanza, utangazaji ni wa majimbo. Pili, serikali ya shirikisho ina wajibu wa kuyatendea majimbo yote kwa uaminifu. Haiwezi kuchagua kuongea na majimbo ya chama chake tu na kuwapita wengine.

Lakini kisa hakikuishia kwa majimbo kushangilia ushindi. Ndani ya miezi michache Mawaziri Viongozi wa majimbo yote, wa vyama tofauti, waliketi wakasaini mkataba baina yao. Wakaanzisha kituo kimoja cha televisheni cha nchi nzima kinachomilikiwa na majimbo kwa pamoja. Hicho ndicho ZDF, makao yake Mainz, kilianza kurusha matangazo Aprili 1963 na kipo mpaka leo. Hakuna waziri wa habari wa Berlin anayekipigia simu kukiamuru.

Elimu nayo ni hivyo hivyo. Mawaziri wa elimu wa majimbo wana mkutano wao wa kudumu tangu 1948, ndimo wanamokubaliana vyeti vya jimbo moja vitambuliwe jimbo jingine. Ushirikiano si lazima utoke juu.

Upinzani unapata wapi nafasi

Vijana, hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Kule chama kikishindwa uchaguzi mkuu hakiendi kukaa kijiweni miaka minne. Kinaongoza jimbo. Willy Brandt alikuwa Meya wa Berlin Magharibi wakati nchi ikiongozwa na wapinzani wake. Akawa Kansela 1969. Helmut Kohl aliongoza jimbo la Rheinland-Pfalz wakati chama chake kiko nje Bonn. Akawa Kansela 1982. Gerhard Schröder aliongoza Niedersachsen miaka minane chini ya Kohl, akamshinda 1998. Wananchi walikwisha kuwaona wakifanya kazi. Hakuna aliyeweza kuwaambia "hawa hawajawahi kuongoza hata kijiji".

Sisi baada ya uchaguzi wa 2015 vyama vya upinzani viliongoza halmashauri za miji kadhaa mikubwa. Meya wetu, mkurugenzi wa kuteuliwa. Madiwani wetu, mkuu wa wilaya wa kuteuliwa. Halafu wakatuuliza, mbona hamkufanya kitu?

Kasoro zao

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Mfumo huu una matatizo yake. Uamuzi unachelewa. Vyama vikubwa vimewahi kulitumia Baraza la Majimbo kukwamisha serikali kwa ajili ya siasa tu, mpaka wakalazimika kurekebisha Katiba mwaka 2006 kupunguza sheria zinazohitaji ridhaa yake. Familia ikihama jimbo, mtoto anakuta mtaala tofauti. Na wakati wa korona maamuzi makubwa yalifanywa kwenye vikao vya Kansela na Mawaziri Viongozi, wabunge wakalalamika kwamba wao wanaletewa mambo yakiwa yameshaiva. Mambo yakiamuliwa na watu 17 mezani, mwananchi hajui amlaumu nani. Tukijenga shirikisho letu, hilo tulione mapema.

Turudi nyumbani

Hati ya Muungano ya 1964 ilikuwa na mambo 11 ya Muungano. Leo kwenye Katiba yanahesabiwa 22. Tume ya Nyalali ilipendekeza serikali tatu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tume ya Kisanga mwishoni mwa muongo huo ikapendekeza tena. Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013 ikapendekeza mara ya tatu, na mambo ya Muungano ikayarudisha mpaka 7. Bunge Maalumu la 2014 likayapindua, wenzetu wa UKAWA wakatoka nje, na Katiba Inayopendekezwa ikabaki na serikali mbili.

Hayo mnayajua. Nataka tuyapime kwa vipimo vya leo.

Hela: Katiba tuliyonayo, Ibara ya 133, inataka Akaunti ya Fedha ya Pamoja. Ibara ya 134 inataka Tume ya Pamoja ya Fedha. Tume ilikuja kuanzishwa, lakini akaunti kwa miaka mingi ilibaki ya kwenye karatasi, na Wazanzibari wakaendelea kudai mgao wao kama mtu anayedai chenji yake dukani.

Mwamuzi: Ibara ya 125 na ya 126 zinaunda Mahakama Maalumu ya Katiba ya kuamua ugomvi wa Serikali ya Muungano na ya Zanzibar. Nusu ya wajumbe wateuliwe na upande huu, nusu na upande ule. Mahakama hiyo haijawahi kukaa kusikiliza shauri hata moja. Mwaka 2008 nchi nzima ilibishana kama Zanzibar ni nchi au si nchi. Mwaka 2010 Zanzibar ikaandika kwenye Katiba yake kwamba ni nchi. Nani aliamua nani yuko sahihi? Hakuna.

Kiti mezani: Tanganyika haina serikali, kwa hiyo Serikali ya Muungano inavaa kofia mbili. Inapozungumza na Zanzibar, ni mzazi au ni mshirika? Mtu huyo huyo ndiye mchezaji na ndiye mwenye filimbi.

Lakini na sisi tujipime. Rasimu ya Warioba iliitegemeza Serikali ya Muungano hasa kwenye ushuru wa bidhaa na mapato yasiyo ya kodi yanayotokana na mambo ya Muungano. Wapinzani wa serikali tatu walipiga hapo hapo: jeshi litalipwa na ushuru wa bia na soda? Ile hoja ilituumiza kwa sababu hatukuwa na jibu lililoandikwa. Jibu lipo. Gawaneni kodi kubwa kwa asilimia, ziandikwe kwenye Katiba au kwenye sheria ambayo upande mmoja hauwezi kuibadili peke yake. Mtu akikuuliza mtaani, mpe jibu hilo.

Maswali

*Kamanda mmoja aliuliza: Ujerumani wana majimbo 16. Sisi tuko wawili. Shirikisho la wawili linawezekana?*

Swali zuri, na ni gumu. Wakiwa 16, leo unagombana na huyu, kesho mnaungana dhidi ya yule. Mkiwa wawili kila ugomvi ni ana kwa ana. Chekoslovakia ilikuwa shirikisho la wawili, ikagawanyika Januari 1993. Huo ni ukweli, tusiufiche. Lakini mwangalie na Saint Kitts na Nevis kule Karibea. Nevis ndogo ina serikali yake ndani ya nchi, Saint Kitts haina yake, inaongozwa na serikali kuu. Mmeuona huo muundo? Ni kama wetu. Mwaka 1998 Nevis walipiga kura ya kujitenga, karibu asilimia 62 wakasema tutoke. Walibaki kwa sababu tu Katiba ilitaka theluthi mbili. Kwa hiyo muundo wa kumpa mdogo serikali na mkubwa kubaki ndani ya serikali kuu nao hautulizi moyo wa mdogo. Njia mojawapo ya kupunguza huo ubishi wa wawili ni kuwapa mamlaka halisi mikoa au kanda za Bara, tuwe wengi mezani. Hilo tulijadili kwa hesabu, si kwa jazba.

*Dada mmoja aliuliza: majimbo hayataleta ukabila?*

Inategemea mipaka umeichoraje na hela umeigawaje. Ukichora jimbo kwa kabila na ukaliacha lijitegemee lenyewe, umepanda ukabila. Ujerumani majimbo mengi yalichorwa upya baada ya vita. Nordrhein-Westfalen na Rheinland-Pfalz ni majina yaliyounganishwa kwa kistari, sehemu zilizounganishwa na watawala wa baada ya vita. Yanashikamana kwa sababu yanatoa huduma. Lakini hofu yako ni halali dada yangu, na tukienda kwa wananchi tusiidharau. Twende na ramani na kanuni ya kusawazisha mapato, tuwaonyeshe.

Kazi ya kwenda nayo

Kila tawi la vijana lichukue maswali manne: nani anafanya nini, nani ana kiti wakati sheria inatungwa, hela inagawanywaje, na nani mwamuzi. Someni Rasimu ya Warioba na Katiba ya 1977 kwa maswali hayo. Andikeni majibu ya kurasa mbili kwa Kiswahili ambacho mama ntilie na bodaboda watakielewa. Tutayakusanya na kuyapeleka ngazi ya juu ya chama kama mapendekezo ya vijana. Siku mjadala wa Katiba utakapofunguliwa tena, asije mtu akatuambia hatukujiandaa.

Aluta continua.